Zilpah, Mwosha Viti wa Sori

Asubuhi hiyo wadudu wa ziwa walikuwa wameingia ndani. Ni wale wadogo wasiouma, wanaotoka majini kama moshi, na wakikuta dirisha wazi hawabishi hodi. Walikuwa wametanda juu ya mito ya sofa iliyopangwa ukutani, velveti ya rangi ya damu ya mzee, hata rangi yenyewe haionekani vizuri. Joash akachukua kitambaa akakichovya kwenye karai.

"Weka hicho chini," mke wake Zilpah akasema.

"Si unaona vile wamejaa?"

"Naona. Ukiwapangusa na maji wanatoa rangi ya kijani, na hiyo haitoki. Upepo ukiwakausha nitawakung'uta tu."

Joash akakiweka. Mambo ya viti yalikuwa ya Zilpah, kama mambo ya nyavu yalivyokuwa yake.

Viti vyenyewe havikuwa vyao. Vilikuwa vya Rael, mwenye duka la vyombo pale stendi ya Sori. Binti ya Rael alikuwa amepata mchumba, na wakwe walikuwa wanakuja kutoka Kisegi kujitambulisha na kuleta mahari. Rael alitaka wakute nyumba imekaa sawa. Akamletea Zilpah seti nzima kwa mkokoteni, kile kiti kirefu na vile viwili vifupi, na Zilpah akaipokea kama alivyopokea viti vyote, kwa kuvinusa kwanza.

Wakala nyoyo iliyobaki, mahindi na maharagwe, pamoja na chai ya rangi kwa sababu maziwa hayakuwa yamefika. Zilpah alikula amesimama mlangoni, anaangalia mawingu.

"Nyar Rusinga, si ukae ule," Joash akasema. Alimwita hivyo tangu amwoe, binti wa Rusinga, maana huko kisiwani ndiko alikomtoa.

"Nikikaa hizi magoti zitakataa kuinuka. Maliza, unisaidie na kiti."

Wakakitoa kile kirefu nje, wakakiweka juu ya mawe, chini ya paa palipo na kivuli. Joash alitaka kukivuta sehemu ya mwisho.

"Inua. Hiyo si mtumbwi," Zilpah akasema.

Akainua. Kisha akachukua kofia yake akaenda ufuoni, ambako alikuwa anashona nyavu za watu. Alipovuka ua alisikia fimbo ya Zilpah ikianza kupiga mito, taratibu, upande mmoja halafu mwingine. Hakugeuka. Mtu hageuki kuangalia kitu anachokisikia kila siku.

Zilpah alizaliwa Rusinga, kwenye boma la wavuvi wenye vishamba vya mtama. Alipokuwa msichana alipelekwa Homa Bay kufanya kazi ya nyumba kwa mama mmoja, na huko ndiko alikoona sofa kwa karibu mara ya kwanza. Kwao kiti kilikuwa cha mbao. Kikichafuka unakipeleka ziwani. Kwa hiyo siku mtoto wa ile nyumba alipomwaga uji kwenye sofa, Zilpah alifanya alichokijua. Akaleta ndoo, akaleta sabuni ya unga, akakiosha kiti kwa maji mpaka ndani. Juu kiling'aa. Ndani, sponji ilikunywa maji yote ikakaa nayo. Baada ya siku chache sebule ilinuka kama wavu uliosahauliwa kwenye gunia, na mgeni akiinuka suruali imelowa. Yule mama hakumpiga wala kumtukana. Alimwambia tu, "Kusanya nguo zako," na Zilpah akarudi kwao.

Hiyo habari alikuwa akiitoa mwenyewe, bila kuulizwa. "Wengine wanafukuzwa na bwana," alikuwa akisema. "Mimi nilifukuzwa na kiti."

Joash alimwoa akamleta Sori. Kwanza aliuza omena, wale dagaa wa ziwa. Alizianika, akazipepeta, akazibeba sokoni, na nyumba ikala. Lakini miaka ile samaki walipokuwa wanapatikana vizuri, wavuvi wa Sori walianza kununua sofa. Kuna mtu alinunua sofa kabla hajanunua kitanda. Zililetwa na lori kutoka kwa mafundi wa Migori, zimefungwa nailoni, na wengine hawakuitoa hiyo nailoni mpaka ikapasuka yenyewe. Halafu zikaingia kwenye nyumba zenye kuku, watoto, moshi wa koroboi na mchuzi wa samaki. Mwaka haukuisha kabla hazijawa nyeusi pale watu wanapolaza vichwa. Wenye viti wakatandaza vitambaa vya kufuma juu yake, na kitambaa kikichafuka wakaweka kingine.

Zilpah alianza na kiti cha mchungaji, kule kanisani. Alikiona kila Jumapili na kila Jumapili kilimuudhi. Siku moja alikwenda na brashi yake bila kuitwa. Jumapili iliyofuata watu walidhani kanisa limenunua kiti kipya, na waliposikia ni kile kile, wakaanza kumtafuta.

Kazi yake haikuwa na siri, ila watu hawakuwa na subira nayo. Vumbi alilitoa kavu, kwa fimbo na brashi, mpaka mto ukipigwa hautoi tena. "Ukilipa vumbi maji umepika matope," alisema. Kisha alivuruga sabuni kwenye karai kwa mkono mpaka povu lisimame, akachukua povu peke yake. Maji ya chini hakuyagusa. Kitambaa alikikamua mpaka kisidondoke. Alipangusa velveti kwa kufuata manyoya yanakolala, kama mtu anavyompapasa paka, halafu akapitisha kitambaa kingine cha maji safi, halafu akaacha upepo ufanye kazi yake kivulini. Jua hakulitaka. Alisema jua linaosha na kuiba rangi. Pale palipoingia mafuta ya samaki alimwagia unga wa mahindi, akaondoka akafanya mambo mengine. Aliporudi unga ulikuwa umeyanywa mafuta, akaufagia.

Mito aliifumua, akatoa kava, akafua, akarudisha akashona kwa mkono, maana viti vingi vya mafundi wale havikuwa na zipu. Na hapo ndipo alipokuwa na msimamo. Hakurudisha kiti uchi, wala kilichoshonwa nusu. Mwenye kiti angeweza kuja analia kwamba wageni wako njiani, Zilpah angemwambia wageni wakae kwenye mkeka. Kiti kikitoka kwake kilitoka kimevaa.

Mdomo alikuwa nao. Akikuta kunguni kwenye kiti cha mtu, mwenyewe humwahi kusema, "Hawa walikuja na wageni."

"Ndiyo," Zilpah alikuwa akijibu. "Wageni wakaenda, hawa wakabaki wakaoa."

Watu walimchekea na kumwogopa kidogo. Lakini walimletea viti.

Basi siku hiyo ya wadudu, jua likiwa kichwani, jirani yao Cephas alikuja ufuoni anatembea haraka. Joash alijua kabla hajasema, kwa sababu Cephas ni mtu wa kupiga kelele kutoka mbali, na mara hii alikuja kimya mpaka akafika karibu.

"Jaduong', njoo nyumbani," akasema. Jaduong' ndiyo heshima ya mzee kwao. "Mama ameanguka."

Alimkuta chini ya kamba ya nguo. Mdomo ulikuwa umeenda upande mmoja. Kava za Rael zilikuwa zimeanikwa zote kwenye kamba hiyo, moja tu ilikuwa bado kwenye beseni. Watu walisema ni presha. Mnunuzi mmoja wa samaki alitoa gari, wakaanza safari ya hospitali, Homa Bay. Joash alimshikilia kichwa. Zilpah hakusema kitu njiani, na kabla hawajafika alikuwa ameenda.

Alizikwa upande wa kushoto wa nyumba, mahali pa mke. Watu walikuwa wengi kuliko Joash alivyotarajia. Wazee fulani walipokosa nafasi walikalia fremu tupu za viti vya Rael, mbao na mikanda. Joash aliwaendea akawaambia wahame. Wakahama upesi, wakadhani ni uchungu tu. Uchungu ulikuwepo, lakini pia vilikuwa viti vya mtu.

Watu walipoondoka, nyumba ikabaki na Joash na binti yake Lynnet, aliyekuja kutoka Migori. Lynnet alikuwa ameanua zile kava, akafua ile moja iliyobaki, akazikunja vizuri. Sponji zilikuwa zimerundikwa jikoni. Rael hakuwa ametuma mtu kuuliza. Lakini kila mtu Sori alijua wakwe zake wanakuja Jumamosi.

"Baba," Lynnet akasema, "wacha nipeleke hizi kava kwa Levi. Ana cherehani, atashona mara moja."

"Hapana."

"Sasa zirudi hivyo, kwa gunia?"

"Mama yako hakurudisha kiti uchi. Hata kimoja. Sasa hiki cha mwisho ndicho kirudi na gunia, watu waseme Zilpah aliacha viti vya watu vimevuliwa?"

"Hakuna mtu atasema hivyo. Amekufa, baba."

"Ndiyo watasema vizuri zaidi. Hayuko wa kuwajibu."

Lynnet akamwangalia. "Na nani atashona?"

"Mimi."

"Wewe unashona nyavu."

"Sindano ni sindano."

Akakaa mlangoni, pale Zilpah alipokuwa akikaa. Kava ya kwanza aliivisha sponji, akaiweka kwenye fremu, akaona imekuwa nyeusi kuliko nyingine. Aliigeuza huku na huku akidhani haikufuliwa vizuri. Mwisho akaipitisha mkono kama alivyomwona Zilpah akifanya, akagundua manyoya yamelala kinyume. Akaivua, akaigeuza, rangi ikarudi. Hilo lilimpa moyo. Akaona kumbe kazi hii inaingilika.

Shida ikawa uzi. Uzi wa Zilpah ulikuwa kwenye kopo, mwembamba, ukiuvuta kwa nguvu unakatika. Joash aliuvuta ukakatika. Aliuvuta mwingine ukakatika. Hakuelewa mtu anawezaje kukalisha mkwe juu ya uzi kama huo. Akaenda akachukua nailoni yake ya nyavu, ile ambayo samaki mbuta mkubwa akipigana nayo anachoka yeye. Akashona kwa hiyo. Na kila mshono aliufunga fundo, kama unavyofunga jicho la wavu, ili moja likikatika lingine lisifuate. Alifanya kazi hiyo siku mbili, bila haraka, na mikono yake ilifurahi kuwa na la kufanya. Kwa nje hakukuonekana kitu. Mafundo yalizama ndani ya velveti.

Lynnet alikuja akapima mshono kwa kucha. "Baba, hii haifunguki."

"Si ndiyo maana ya kufunga?"

Lynnet akarudi jikoni. Baadaye aliwaambia majirani kwamba angesema neno siku hiyo, mzee angeanza upya, na Jumamosi ilikuwa karibu.

Ijumaa Rael alifika na mkokoteni. Alikuja na wifi yake, Dorine, mama mwembamba asiyenyamaza. Dorine hakuingia uani. Alisimama nje ya ua na mkoba wake kifuani.

"Mimi nasema tu," akasema. "Viti vimelala kwenye matanga. Msiba haujafungwa. Sasa wakwe wakalie matanga?"

"Viti ni vyangu," Rael akajibu. "Havikufiwa."

"Watu watauliza."

"Waulize. Wewe utakuwa unawajibu, si una nafasi?"

Joash alikuwa amesimama kando ya kile kiti kirefu. Rael alimpa mkono, akamshika muda kidogo, akamwambia pole ambayo alikuwa ameshamwambia kwenye mazishi. Kisha akatazama viti. Alizunguka, akabonyeza mto, akapitisha kiganja. Joash alikuwa anaangalia hicho kiganja tu. Rael akageuka akakaa. Akakaa na uzito wake wote, na Rael hakuwa mwembamba.

"Viko sawa, jaduong'," akasema. "Viko sawa kabisa. Nani amemalizia?"

"Vilimaliziwa hapa," Joash akasema.

Wakapakia. Joash aliwasaidia mpaka kwenye njia, akasimama hapo. Mwanaume aliyefiwa na mke, kwao, haingii nyumba ya mtu mpaka msiba uishe, hata awe mtu wa kanisa. Aliangalia mkokoteni ukishuka kuelekea stendi, Dorine akitembea upande mwingine wa barabara ili asiguse viti. Usiku huo alilala.

Jumatatu Rael alirudi akiwa peke yake, mto mmoja begani.

Joash alimwona kutoka mbali. Akaweka wavu chini. Hakutaka kuuliza, akauliza.

"Wakwe walikula?"

"Walikula wakashiba. Mjomba wa kijana alishiba mpaka akamwaga mchuzi hapa." Rael akautua mto chini, akaonyesha. Doa lilikuwa kubwa, limekauka pembeni, katikati bado lina mafuta. "Jaduong', mimi nilitaka tu kuvua hii kava niifue. Nimetafuta pa kuvulia. Nimejaribu sindano, nimejaribu kisu ya jikoni. Dorine amejaribu meno."

"Meno?"

"Alisema ni roho ya matanga imeshikilia. Nikamwambia basi uma."

Joash hakucheka. Alikuwa anautazama mto. Aliona sasa alichofanya. Zilpah alishona viti vya watu ili vivuliwe tena, vifuliwe, vivaliwe. Yeye alikuwa amevifunga kama vitu vya kukaa majini.

"Watu wanasema nini?" akauliza.

"Watu gani?"

"Juu ya Zilpah. Kwamba kazi yake ya mwisho ilikuwa mbaya."

Rael akavuta kigoda akakaa bila kukaribishwa. "Wakwe waliuliza nimenunua wapi viti vipya. Mbele ya watu wote. Nikawaambia hizi ni viti kuukuu, zimeoshwa na Zilpah wa Sori, na mzazi wa kijana akasema kumbe alisikia hilo jina mpaka Kisegi. Sasa wewe unataka waseme nini tena? Mchuzi ni wa mjomba. Hata huyo mjomba anajua."

Joash akaingia ndani, akatoka na unga wa mahindi kwenye kibakuli, akaumwaga juu ya doa, akausambaza kwa kidole. Wakanywa chai. Unga ulipogeuka rangi akaufagia, akamwaga mwingine. Kisha akaleta wembe, akaanza kukata mafundo. Ilikuwa kazi. Alikuwa ameyafunga vizuri, na kila moja alilikata kwa uangalifu asiguse velveti. Rael alimwachia mto akaenda kufungua duka.

Kava aliifua kwa povu, kama alivyoona miaka yote bila kujua kwamba alikuwa anaona. Akaianika kivulini. Sponji akaipangusa juu juu, akaiegemeza ukutani ipate upepo.

Kesho yake Rael alipokuja, mto ulikuwa umeshavikwa, umebaki kufungwa. Joash alikuwa ameshika kopo la Zilpah.

"Alikuwa anafanyaje mwisho?" akauliza. "Mimi nilikuwa ufuoni."

"Mshono mrefu mrefu," Rael akasema, akisogeza kigoda karibu. "Usivute. Pitisha tu. Uzi mmoja mpaka mwisho, halafu hafungi. Anarudisha sindano nyuma kidogo, anaficha mkia ndani. Ukitaka kufungua unatafuta mkia, unavuta, yote inatoka."

Joash akashona hivyo. Uzi mwembamba haukukatika, kwa sababu hakuuvuta. Alipofika mwisho akarudisha sindano nyuma, na vidole vyake, vyenyewe, vikaanza kutengeneza fundo.

"Acha hapo," Rael akasema.

Akaacha. Rael alikuwa anacheka chini chini, mkono mdomoni, kama mtu anayecheka kwenye nyumba yenye msiba.

"Unacheka nini?"

"Nimekumbuka kitu. Nilimkuta hapa hapa mlangoni mwaka jana, anashona, nikamuuliza mbona huyo mzee wako ana sindano siku zote na hakusaidii. Akaniambia hivi, na mimi siongezi neno: 'Yule? Yule hajui kufunga kitu kikafunguka tena. Mbuzi ya mahari yangu aliifunga mwenyewe, na baba yangu alikata kamba kwa panga.'"